Joto linalochelewa ndani ya shaba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanafunzi wa hesabu, fizikia na uhandisi wa Lubumbashi, hasa wale waliopewa kazi ya mwisho wa masomo juu ya joto na unyumbufu (tabia ya kitu kuvutika na kurudi), wakafungua makala ya kwanza na kukutana na majina matano ya watu na herufi τ kila mstari. Mhandisi wa kiwanda cha shaba naye anakaribishwa, ingawa jibu lake ni fupi na liko chini kidogo.

Kwani Fourier alikosea wapi?

Kwa kazi aliyokuwa nayo mwanahesabu huyo Mfaransa, hakukosea. Kanuni yake, aliyoiwasilisha mwaka 1807 na kuitoa katika kitabu mwaka 1822, inasema mtiririko wa joto unafuata mteremko wa halijoto: q = −k ∂T/∂x. Hapo q ni mtiririko, T ni halijoto, na k ni uwezo wa kitu kupitisha joto. Halijoto ikishuka kwa ukali, joto linakimbia. Ikiwa sawa pande zote, joto linatulia. Unganisha kanuni hiyo na hesabu ya nishati, yaani kinachoingia toa kinachotoka, upate mlinganyo wa msambao: ∂T/∂t = α ∂²T/∂x². Hapo α inaeleza jinsi kitu kinavyosambaza joto upesi.

Shida ni kwamba mteremko wa sasa unazaa mtiririko papo hapo, bila kusubiri hata chembe. Chukua waya wa shaba kutoka Kamalondo hadi Likasi, uuchome moto upande wa Kamalondo. Mlinganyo unadai kwamba ncha ya Likasi imepanda joto muda uleule. Imepanda kwa kiasi ambacho hakuna chombo kitakachokipima, lakini si sifuri. Habari imesafiri kwa mwendo usio na mwisho, na hilo maumbile hayalikubali.

Ni nini basi kilichorukwa?

Muda wa vibebaji. Ndani ya metali joto hubebwa hasa na elektroni, na kiasi fulani na mitetemo ya atomi. Mteremko ukibadilika, vibebaji hivyo lazima vigongane mara kadhaa ndipo mtiririko uzoee hali mpya. Muda huo wa kuzoea ndio τ. Maxwell alikuwa na kipande hicho katika hesabu zake za gesi mwaka 1867, akakiacha kwa kuwa mtiririko huzoea upesi mno. Cattaneo, Mwitaliano, alikirudisha mwaka 1948, na Vernotte wa Ufaransa akafika palepale mwaka 1958:

τ ∂q/∂t + q = −k ∂T/∂x

Kwa kipande hicho kimoja msambao unageuka kuwa wimbi. Halijoto sasa inatii τ ∂²T/∂t² + ∂T/∂t = α ∂²T/∂x², mlinganyo uleule ambao watu wa simu za waya waliufahamu zamani, na habari ya joto inasafiri kwa mwendo wa √(α/τ), wala haiupiti.

Wimbi la joto limewahi kuonekana, au ni la kwenye karatasi tu?

Limeonekana, lakini mahali penye baridi kali. Tisza mwaka 1938 na Landau mwaka 1941 walilitabiri katika heliamu kimiminika, na Peshkov akalipima Urusi mwaka 1944: mwendo wa kama mita 20 kwa sekunde, ilhali sauti ya kawaida katika heliamu hiyohiyo huenda zaidi ya mita 200. Ndiyo maana huitwa sauti ya pili. Katika yabisi ilipatikana kwanza ndani ya heliamu iliyoganda mwaka 1966, kisha ndani ya fuwele za sodiamu floridi mwaka 1970, na ndani ya bismathi mwaka 1972. Zote hizo ni fuwele safi sana, zilizopozwa karibu na sifuri kamili. Mwaka 2019 watafiti waliiona katika grafiti kwenye zaidi ya kelvini 100, jambo lililowashangaza wengi, maana hapo tumeshaondoka kwenye baridi ya heliamu na hata ile ya naitrojeni kimiminika.

Na ile habari ya nyama yenye τ ya sekunde 16?

Hicho ni kipimo kilichodai kuona wimbi la joto ndani ya nyama iliyosindikwa. Kilichapishwa mwaka 1995, na bado kinanukuliwa. Wengine waliorudia vipimo vya namna hiyo miaka michache baadaye hawakuona wimbi lolote, Fourier alitosha. Mimi nisingejenga kazi ya masomo juu ya namba hiyo.

Nafanya kazi kwenye tanuru la shaba. Hii inanihusu?

Haikuhusu. Anodi ya shaba (bamba nene linalotoka tanuruni) yenye unene L wa sentimita 4 husawazisha joto lake kwa muda wa L²/α, kama sekunde 14. Kwa shaba kwenye halijoto ya chumba τ iko kwenye pikosekunde (sehemu ya trilioni ya sekunde) chache au chini ya hapo. Kati ya sekunde 14 na pikosekunde 1 kuna tofauti ya mara 10¹³ na zaidi. Tumia Fourier, ulale usingizi.

Inaanza kukuhusu ukitoka kwenye tanuru na kwenda kwenye leza yenye mapigo ya femtosekunde (sehemu ya elfu ya pikosekunde), au kwenye tabaka la shaba la nanomita kumi kumi ndani ya kifaa cha kielektroniki. Pigo la leza hupasha elektroni kwanza, atomi zikiwa bado baridi, kisha elektroni huzigawia atomi joto lao. Anisimov na wenzake waliandika mlinganyo wa halijoto mbili kwa hali hiyo mwaka 1974.

Hesabu ndogo ya kupata picha: kwa shaba α ni kama 1.125 × 10⁻⁴ m²/s. Weka τ = 1 pikosekunde. Mwendo wa wimbi la joto unatoka kama mita 10,600 kwa sekunde, zaidi ya mara mbili ya mwendo wa sauti ndani ya shaba. Lakini ukali wa paji la wimbi hupungua hadi theluthi moja na zaidi kidogo kila baada ya 2τ, yaani baada ya safari ya nanomita 21 hivi. Wimbi linazaliwa na kufa kabla halijavuka unene wa utandu.

Unyumbufu unaingia wapi?

Kitu kikipata joto kinatanuka. Kikizuiwa kutanuka kinapata mkazo. Ufito wa shaba uliobanwa ncha zote mbili ukipandishwa nyuzi 30 unapata mkazo wa megapaskali 60 hivi. Hilo kila fundi analijua. Kinachosahaulika ni upande wa pili: kitu kikikandamizwa ghafla kinapata joto, kikivutwa kinapoa. Ndiyo maana milinganyo ni miwili na imefungana. Katika kipimo kimoja cha urefu:

ρ ∂²u/∂t² = (λ + 2μ) ∂²u/∂x² − γ ∂T/∂x
ρc ∂T/∂t + ∂q/∂x + γT₀ ∂²u/∂x∂t = 0

Herufi u ni mwondoko wa chembe kutoka mahali pake, ρ ni msongamano, λ na μ ni ugumu wa kitu, c ni joto mahususi, T₀ ni halijoto ya mwanzo, na γ ndiyo kamba inayofunga joto na mnyumbuko. Duhamel alianza kazi hii katika miaka ya 1830. Biot akaipa msingi wa thamodinamiki mwaka 1956. Hapo wote wawili wanatumia q ya Fourier. Swali la ukurasa huu wote ni hili: q iandikwe vipi kama joto linachelewa?

Lord–Shulman, Green–Lindsay, Green–Naghdi: nichague yupi?

Lord na Shulman (1967) walichukua q ya Cattaneo wakaiweka kwenye milinganyo hiyo miwili. Ni rahisi kuliko zote na ndiyo ningemwambia mwanafunzi aanze nayo. Green na Lindsay (1972) waliacha kanuni ya Fourier ilivyo, wakaingiza nyakati mbili za kusubiri ndani ya mkazo na entropia (kipimo cha mtawanyiko wa nishati). Green na Naghdi (1991 hadi 1993) walijenga aina tatu. Ya kwanza inarudi kwa Fourier, ya pili haipotezi nishati hata kidogo, ya tatu inachanganya. Aina ya pili inapendeza kwa macho ya mwanahesabu, lakini joto lisilofifia ni mgeni katika metali.

Kwa nini tunahangaika na Cattaneo? Si tuandike tu kwamba mtiririko wa baadaye unatokana na mteremko wa sasa?

Hili ndilo swali bora kuliko yote, na ndilo linalowaangusha wengi. Mtu anaandika

q(x, t + τ) = −k ∂T/∂x (x, t)

anaona ni safi na ya wazi. Cattaneo hata anaonekana kama mkato wake: panua q(t + τ) kwa mfululizo wa Taylor, yaani q yenyewe na mabadiliko yake hatua kwa hatua, chukua vipande viwili vya kwanza, umempata. Basi kilicho kamili si kinapaswa kuwa bora kuliko mkato?

Kinyume chake. Tafuta suluhu yenye umbo la a(t) sin(nx). Inabaki

a′(t) = −αn² a(t − τ)

Huu ni mlinganyo wa kuchelewa wa kitabuni, na mpaka wake unajulikana: a(t) inatulia ikiwa αn²τ ni ndogo kuliko π/2, na inapita tu mpaka huo inaanza kuyumba kwa nguvu inayozidi. Mama aliye ndani ya nyumba anamwelekeza mtoto aliye uani kwenye mbabula: "Punguza moto!" Sauti inafika moto ukiwa tayari umeshuka, mtoto anaupunguza tena, bukari inabaki mbichi; mama anapaza "Ongeza!" nao unafika umechelewa vilevile. Amri zikiwa za upole, kuchelewa hakudhuru. Zikiwa kali, kila sahihisho linazidisha kosa.

Ukali wa amri katika mlinganyo wetu ni αn², na n haina kikomo. Viwimbi vifupi ndivyo vyenye n kubwa. Kwa hiyo hata τ iwe ndogo namna gani, daima kuna viwimbi vifupi vya kutosha kuvuka π/2, na kadiri vinavyofupika ndivyo vinavyokua upesi zaidi, bila dari. Hadamard mwaka 1902 alidai tatizo zuri la hesabu liwe na suluhu, iwe moja, na badiliko dogo mwanzoni lilete badiliko dogo baadaye. Sharti la tatu hapa limevunjika kabisa: kosa usiloliona kwa macho linaweza kukua kuliko kiasi chochote utakachotaja, ndani ya muda wowote utakaotaja. Dreher, Quintanilla na Racke walilithibitisha hilo mwaka 2009 kwa jumla, pamoja na mifumo yenye unyumbufu.

Lakini programu yangu ilikwenda vizuri na matokeo yalikuwa laini.

Kwa sababu vipande vyako ni vikubwa. Tumia shaba na τ = 1 pikosekunde: mpaka wa π/2 uko kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 53 hivi. Ukigawa ufito kwa vipande vya milimita moja, kompyuta haina namna ya kuviona viwimbi vya nanomita 53, basi inakupa mchoro mzuri wa uongo. Punguza vipande hadi viwimbi vya nanomita 20 vipate nafasi, na kila kimoja kitajizidisha karibu mara milioni mbili ndani ya pikosekunde 10. Mwanafunzi akifika hapo huwa analaumu hatua ya muda, anaipunguza, analaumu kompyuta, anamlaumu aliyemuuzia kompyuta. Kosa liko kwenye mlinganyo. Kipimo cha kawaida cha kuaminika, yaani kupunguza vipande na kuona matokeo yakitulia, hapa kinafanya kazi yake vizuri: kinakataa kutulia.

Nikiongeza kipande cha tatu cha Taylor, si nitakuwa katikati?

Hapana, nako kunaharibika. Ukiweka q + τ ∂q/∂t + (τ²/2) ∂²q/∂t² upande wa kushoto na kutafuta suluhu inayokwenda kama e^(st), kila n inatoa

(τ²/2) s³ + τ s² + s + αn² = 0

Kigezo cha Routh na Hurwitz, kinachopima kama mizizi yote s inafifia, kinadai αn²τ < 2. Kwa n kubwa hakitimizwi, na mizizi mibaya inakua kama n^(2/3). Cattaneo, kwa vipande viwili tu, ana τs² + s + αn² = 0, na mlinganyo wa namna hiyo wenye namba chanya tupu hauwezi kuwa na mzizi wa kulia, yaani wenye sehemu halisi chanya, unaokua. Makadirio ya chini yanaishi, ya juu yanakufa, na kile yanachokikadiria kimekufa pia. Ndiyo maana haifai kumtetea Cattaneo kwa kusema yeye ni Taylor ya kuchelewa. Msingi wake ni vibebaji vinavyozoea taratibu, nao unasimama peke yake.

Kwa hiyo nyakati mbili za Tzou zimeondolewa?

Hazijaondolewa, ila zina masharti. Tzou mwaka 1995 alichelewesha pande zote mbili: mtiririko kwa τ_q na mteremko kwa τ_T. Ukibaki na kipande kimoja cha ziada cha Taylor kila upande, hakuna tatizo la utulivu. Ukienda hadi τ_q²/2 upande wa mtiririko, sharti linakuwa

1 + αn² (τ_T − τ_q/2) > 0

na ili litimie kwa kila n, τ_T isiwe chini ya nusu ya τ_q. Quintanilla aliandika sharti hilo mwaka 2002. Fanya mstari huo mwenyewe kwa kalamu. Ni dakika kumi. Kisha fungua makala yoyote inayotumia kanuni hii na utazame namba walizochagua.

Ukichanganya na unyumbufu, mtetemo hutulia?

Katika kipimo kimoja, ndiyo. Kwa Fourier ilijulikana tangu zamani, na Racke mwaka 2002 alionyesha kwamba kwa Cattaneo pia nishati yote hupungua kwa uwiano usiobadilika, kwa masharti ya kawaida kwenye ncha. Katika vipimo viwili au vitatu mambo ni mengine: mawimbi ya kukata hayabadilishi ujazo, hayazalishi joto, na joto haliwezi kuyashika. Dafermos alishaliona hilo mwaka 1968. Kuchelewa hakuna lawama hapo.

Kwa boriti ya Timoshenko, hesabu ya boriti inayojali kukatwa pamoja na kupinda, ndipo τ inapoleta visa. Boriti hiyo ina miendo miwili ya mawimbi, wa kupinda na wa kukata. Kwa Fourier, miendo hiyo ikiwa sawa, nishati hupungua kwa uwiano usiobadilika. Mwaka 2009 Fernández Sare na Racke waliweka Cattaneo mahali pa Fourier, miendo ikiwa sawa vilevile, na upungufu huo wa uwiano ukapotea. Miaka mitatu baadaye Santos, Almeida Júnior na Muñoz Rivera walipata sharti jipya lenye τ ndani yake; ukiweka τ = 0 linarudi la zamani. Nami nasema wazi kwamba usawa wa miendo hauwezi kutokea kwenye boriti ya shaba, maana ugumu wake wa kukata ni kama theluthi tu ya ule wa kuvuta. Ni swali la wanahesabu, na ni zuri. Usimwambie mhandisi kwamba daraja lake liko hatarini.

Mbona makala nyingi hutumia shaba?

Watu wa hapa hufurahi wakiliona hilo, hasa waliozaliwa jimbo likiitwa Shaba, kati ya 1971 na 1997. Sababu ni ya kawaida: namba za shaba zinajulikana vizuri, na wanaofuata wananakili za waliotangulia. Zile zinazozunguka ni λ = 7.76 × 10¹⁰ na μ = 3.86 × 10¹⁰ N/m², ρ = 8954 kg/m³, k = 386 W/(m·K), c = 383.1 J/(kg·K), utanukaji 1.78 × 10⁻⁵ kwa kelvini na T₀ = 293 K.

Kutokana nazo mwendo wa sauti ni mita 4,158 kwa sekunde, na namba ya kufungana, γ²T₀ / [ρc(λ + 2μ)], ni 0.0168. Zipige mwenyewe uhakikishe. Namba hiyo ya mwisho ina maana kwamba joto linagusa mwendo wa mtetemo kwa chini ya asilimia moja. Lakini namba inayoamua kila kitu, τ, mara nyingi imechaguliwa ili mchoro upendeze. Ukiona τ = 0.02 bila kipimo, jua ni muda uliogeuzwa kuwa namba tupu. Rudisha sekunde zake kabla hujaandika kwamba shaba "imeonyesha" wimbi.

Nina kompyuta moja na umeme unakatika. Nianze vipi?

Anza na karatasi. Chukua kanuni yoyote ya q, weka e^(st) sin(nx), upate mlinganyo wa s kwa kila n. Ukiwa na unyumbufu utapata wa daraja la tatu kwa Fourier na la nne kwa Cattaneo. Octave au Python, zote programu za bure na hazihitaji intaneti ukishazisakinisha, zitatoa mizizi kwa sekunde moja. Chora sehemu halisi ya mzizi ulio kulia kabisa, n ikipanda kutoka 1 hadi milioni kwa mizani ya logi. Ikibaki chini ya mstari fulani ulio chini ya sifuri, nishati itapungua kwa uwiano thabiti. Ikipanda taratibu kuelekea sifuri bila kuifika, utulivu upo ila ni wa polepole, na thibitisho lake ndilo gumu. Ikivuka sifuri na kuendelea kupanda, usiandike mstari mwingine wa programu. Rudi kwenye q.